Mafuta ya Vitumbua

Jumatatu, 3 Machi
Vitumbua vyangu vya ngano vimeuzika vyote kabla ya saa mbili. Wachimbaji wanakula utafikiri dunia inaisha kesho. Nimechuja mafuta, nikakaangia dagaa na lengalenga, yaani mchicha, za nyumbani. Kama kawaida.

Binti yangu Bea hajaonja kitumbua wala mkate tangu Novemba. Daktari alieleza: ndani ya ngano mna gluteni, na mwili wake haupatani nayo. Inamharibia matumbo, chakula hakimjengi. Nimetii. Bado anaharisha. Ana miaka tisa, ukimbeba utasema sita.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi Mado, dada ya mume wangu, amefika kutoka Lubudi. Bea alikaa kwake wakati wa Noeli akarudi na mashavu. Wiki mbili tu, yakaisha. Leo wifi amesema mbele ya mume wangu:
“Kwangu mutoto ananenepa. Kwako anakonda. Nyumba yako iko na kitu. Mi nitamubeba.”
Wanaondoka Jumapili. Mume wangu alitazama viatu vyake. Namkasirikia yeye kuliko dada yake.

Ijumaa, 7 Machi
Kituo cha afya. Muuguzi amenitajisha kila kitu anachokula Bea. Bukari ya mahindi, maharage, mayai, dagaa.
“Mafuta ya kukaangia unayatoaka wapi, mama?”
Nikamwambia: ni yale ya vitumbua, nikiisha kuyachuja.

Hakuna muuza vitumbua anayemwaga mafuta ya asubuhi. Watamwita kichaa. Kichujio kinashika makombo, unga unapita. Kwa wifi wanachemsha tu, viazi vitamu na maharage. Alisema kweli: nyumba ilikuwa na kitu. Mimi ndiye niliyekitia sahanini. Naona aibu mpaka mikononi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweleza wifi yote. Ngumu kuliko kuungama kanisani. Nimeomba mwezi mmoja. Alikuwa bado anafikiri mume wangu aliposema, “Mutoto anabakia.” Amechelewa, lakini amesema.

Nimenunua sufuria na mwiko vya Bea peke yake. Mafuta yake yako juu ya kabati. Atakayeyagusa atanijua.

Jumatano, 9 Aprili
Tumbo la Bea limetulia. Anakula, anaongeza, anagombana na kaka yake juu ya mkia wa samaki. Nimewaacha wagombane.

Jioni wifi amepiga simu. Hakutaja habari ya kumchukua. Ameuliza tu:
“Nguo zake zenye zilibakia huku, nitume na nani?”
Nimemwambia kuna lori la mahindi linatoka huko Ijumaa.