Sahihi ya Siku ya Soda

Chiku, hebu sikia ya leo.

Yule Feisal wa kampuni ya utafiti wa madini kasimama mbele ya mkutano wa kijiji: "Mama Luka aliridhia tuchoronge mashimo ya utafiti shambani kwake. Sahihi yake hii hapa!"

Mimi! Niridhie karanga zangu zikanyagwe!

Nikamwambia taratibu, "Baba, tusomee kichwa cha hiyo karatasi." Mwenyekiti akaichukua, akasoma: "Mahudhurio."

Mahudhurio, Chiku! Ile tuliyosaini siku walipotugawia soda!

Sasa lori lao waliloingiza kabla ya mkutano limekwama shambani kwangu: njia waliyoingilia imekatwa na mvua, na ya kutokea ni uani kwangu tu. Jioni Feisal kaja mpole: "Shikamoo mama, tunaomba kupita."

Nikampa daftari asaini. Akasaini, akashukuru.

Nikamwambia hayo ni mahudhurio, nikafunga geti.