Sinki Lililokataa Maji

Margilan, tarehe nane, mwezi wa tano

Kwako kaka yangu Shuhrat,

Pokea salamu nyingi, zangu na za mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepoa na baridi ya huko imepungua makali. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, anaswali, anagombana na shomoro dirishani. Mgonjwa wetu alikuwa mmoja tu, sinki la jikoni, na habari zake ndizo zilizonikalisha niandike. Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu mama huwa amekaa ubavuni mwangu, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema huku ananitazama.

Sinki lilianza kukataa maji katikati ya mwezi uliopita. Kwanza yalishuka polepole, yakikoroma. Baadaye hayakushuka kabisa, yakawa yanapanda na utando wa mafuta juu yake, na harufu ambayo sitaki kukuelezea. Nikawa naosha vyombo kwenye beseni, nateremka na ndoo kutoka ghorofa ya tatu hadi uani, napanda tena. Asubuhi, mchana, jioni. Nimechoka, kaka. Nina miaka thelathini na minne na magoti yangu yanalia kama ya bibi kizee.

Bibi Oydin wa chini yetu alipanda na mfuniko wa sufuria mkononi, akasema dari lake linadondosha maji kwenye supu. Alimwambia mama waziwazi kwamba sisi ndio tunaomwaga mafuta ya pilau sinkini: “Nyinyi mnakaangia mafuta ya mkia wa kondoo, halafu mnanimwagia mimi kichwani!” Mama akamjibu kwamba kwetu mafuta hayabaki hata ya kupaka kidole, basi akachunguze sinki lake kwanza. Wakagombana mpaka wakacheka, wakaishia kunywa chai. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu.

Tukamwita fundi Ergash, yule ambaye kofia haimtoki kichwani. Siku ya kwanza alimwaga maji ya moto na magadi, akatuambia tusubiri hadi kesho yake. Tulisubiri bure. Siku ya pili alisukuma waya mrefu, akavuta na kusukuma hadi jasho likamtoka, na kila mara waya ulikwama palepale. Akaniambia kuna kitu humo ndani ambacho si mafuta. “Mafuta huteleza, binti. Hiki kimegoma.” Jumanne iliyopita alirudi mara ya tatu, akatega ndoo, akashika spana, akaifungua ile kona ya bomba chini ya sinki.

Lilitoka bonge la mafuta meupe, ukubwa wa ngumi. Alipolipasua, ndani mlikuwa na gamba la mkate. Lilikuwa jeusi, gumu, na alama ya muhuri wa mwokaji bado inaonekana katikati. Fundi Ergash akasimama, akavua kofia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona upara wake. Akauliza kwa sauti ya chini ni nyumba gani hii ambamo mkate unatiwa kwenye maji machafu. Heri angefoka. Mama, aliyekuwa amekaa mkekani karibu na mlango, aliweka tasbihi yake chini. Mimi nikasema labda ni panya. Fundi akanijibu kwamba basi panya wa nyumba hii wana mikono. Akaliosha lile gamba kwa maji ya birika, akaligusisha kwenye paji la uso, akaliweka dirishani kwa ajili ya ndege. Akafunga bomba, akakataa chai. Unajua mwenyewe maana ya fundi wa mji wetu kukataa chai.

Sasa nakwambia. Mkate ule ulikuwa wako. Ni ule uliouuma mlangoni siku uliyoondoka, miaka saba iliyopita, mama akautundika kwenye msumari juu ya mlango wa jikoni ukungoje urudi uumalize. Kila Ijumaa huteremsha kile kifuko cha kitambaa alimoutia, akakibusu. Mwezi wa nne nilikishusha nikifue, nikakuta mkate umejaa wadudu, na mikononi mwangu ukavunjika vipandevipande. Kuutupa na takataka nisingeweza, nawe unajua. Kuwapelekea ndege au ng'ombe, ningepita mbele ya mama, anayeshinda dirishani akiangalia uani. Basi aliposimama kuswali adhuhuri niliuloweka kwenye beseni, nikaupitisha sinkini kidogokidogo, hata lile gamba la katikati lililokataa kulainika. Nilijiambia kwamba angalau ni maji yanauchukua. Kisha nikanunua mwingine kwa mwokaji yuleyule, nikauuma kama ulivyouma wewe, nikaukausha, nikautundika.

Fundi alipoondoka, mama aliniambia niushushe mkate. Akapitisha kidole pale palipoumwa. Akasema jino lako la mbele lilivunjika ulipoanguka kutoka kwenye mti wa aprikoti, kwa hiyo ukiuma huacha kigongo katikati, na hapa kigongo hakuna. Amelijua hilo tangu Ijumaa ya kwanza. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alidhani mkate huu nimeuuma kwa ajili yangu mwenyewe, kwamba mimi pia nataka kuondoka na nimeshindwa kumuaga. Wiki tatu nzima, kila akiamka, alikuwa anaangalia juu ya kabati kama sanduku langu bado lipo.

Nililia sana, kaka, kwa sababu hakuwa amekosea. Sanobar, yule tuliyeshona naye mablanketi ya harusi, amenipatia kazi Tashkent, nami nimemficha mama jambo hilo mwezi mzima. Nilipokuwa nauma ule mkate sikuwa nakufikiria wewe.

Mama amesema niende, kwa kuwa mkate wangu umeshatundikwa. Nitaendaje? Hawezi kupanda ngazi na hata mkebe wa maziwa. Miaka saba nimekwambia kwenye simu kwamba tuko salama, fanya kazi, usijali. Leo nakwambia ujali. Rudi kabla pamba haijaanza kuchumwa. Sanobar amekubali kunisubiri hadi hapo.

Sinki sasa linapitisha maji vizuri. Bibi Oydin anakusalimu, anasema dari lake limekauka ila bado linamdai mama rangi. Fundi Ergash nilimfuata kwake nikamweleza yote, naye juzi alipita akanywa chai vikombe viwili.

Anayekuletea barua hii ni Nodir, mkwe wa Bibi Oydin. Amebeba pia mkate mmoja mzima. Mama aliukanda jana kwa mikono yake mwenyewe, akanifukuza jikoni nilipotaka kumsaidia. Amesema uuume hukohuko, na kinachobaki usimpe Nodir wala mtu mwingine, ukilete wewe mwenyewe. Ataupitishia kidole.

Ni mimi mdogo wako anayekukumbuka,

Matluba