Mtaa Uliopakwa Kijivu

4 Februari

Kwa Dada,

Pokea salamu za mdogo wako, nyingi kiasi kwamba bahasha imenenepa. Mimi ni mzima, meno yote yapo, na suti ya bluu bado inanikaa. Wasiwasi wangu uko kwako: goti limepoa? Au bado unapanda kwenye kiti kubadilisha balbu kama mtu asiye na majirani?

Sasa tulia nikupe habari, maana mdogo wako si mtu wa kawaida tena. Nimeshapika kwenye treni, nimeshawauzia mawakili suti, nimeshasimamia hoteli ya ghorofa tisa kwa siku nne kabla hawajagundua kwamba hawajaniajiri. Lakini kazi kama hii ya halmashauri sijaiona. Afisa Mipango anachora mistari kwenye ramani ya mji, mimi napaka rangi. Basi. Kahawia ni makazi, nyekundu ni biashara, kijani ni uwanja wa wazi, kijivu ni makaburi. Madiwani wakiinua mikono, nilichopaka kinakuwa sheria. Humu kuna wasomi wana vyeti mpaka chooni, lakini penseli iko kwa nani?

Juma lililopita likaja ombi. Tajiri mmoja anautaka mtaa wetu, nyumba zote kumi na moja, na hiyo ya marehemu wazazi unayoishi ikiwemo, ugeuzwe kuwa wa biashara ajenge kituo cha mafuta. Nikamsikia Afisa Mipango akimwambia kwenye simu, "Mzee, hilo halina shida."

Lakini mimi ni mtu wa kusoma, hata kama shule niliitoka kupitia dirishani. Kitabu cha sheria ndogo, ukurasa wa arobaini: ardhi ya makaburi haibadilishwi matumizi mpaka ndugu wa waliozikwa waridhie kwa maandishi. Nikajiuliza, tajiri atampata wapi ndugu wa maiti asiyekuwepo? Mchana wenzangu wakiwa wanakula, nikachukua penseli ya kijivu, nikapaka mtaa wetu wote, kuanzia kona ya fundi cherehani mpaka mlangoni kwako. Nimepaka kwa ufundi, hakuna rangi iliyotoka nje ya mstari.

Baraza linakaa Alhamisi ijayo. Nyinyi nyweni chai tu.

Mdogo wako,
Mwenye Mji


13 Februari

Mwenye Mji,

Salamu zimefika, na kweli bahasha ilikuwa nene, nikadhani umetuma kitu. Mimi sijambo. Goti linauma mvua ikikaribia, likipoa najua ni wakati wa kuanika nguo. Balbu nabadilisha mwenyewe kwa sababu jirani yangu ni huyo fundi cherehani, na yeye akipanda kwenye kiti tunatakiwa watu wawili kumteremsha.

Barua yako nimewasomea majirani. Fundi alicheka mpaka akatema pini. Akasema angalau siku yake ikifika hatasafirishwa mbali. Mama Pacha hakucheka. Alisema, "Kitu ukikiita jina, mwisho huitika." Nikamwambia asitutie baridi.

Lakini nami nina langu. Mdogo wangu, wewe tangu utoto unaziba tundu la panya kwa mkate. Muulize huyo bosi wako: tukishaokoka, tutarudi kahawia lini?

Dada yako


21 Februari

Kwa Dada,

U hali gani? Mimi sina la kulalamika, kofia tu inanibana, nadhani kichwa kimekua. Imepita! Madiwani wote mikono juu, hakuna hata mmoja aliyeitazama ramani, mwingine mkono ulikuwa juu huku amesinzia. Tajiri alitoka bila kuaga. Hilo la kurudi kahawia lisikukoseshe usingizi. Acha kwanza tajiri apoe.

Mdogo wako,
Mwenye Mji


2 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Hali yangu sijui niiseme vipi, kwa hiyo nitakusimulia tu.

Mwezi wa tatu maji yalikatika. Nikaenda idara ya maji. Karani akaifungua ramani yake, akanitazama kwa upole, akasema, "Pole kwa msiba, mama." Nikamwambia sina msiba, nina ndoo tupu. Akanipa pole tena. Mwezi wa nne wakaja kung'oa taa za barabarani. Kisha mtu wa posta akaacha kupita. Barua zako sasa naletewa na wenye maua. Wanaziweka kizingitini na jiwe juu, zisipeperuke.

Hao wenye maua ndio hasa nataka uwajue. Wanakuja mchana kweupe, wamevaa vizuri. Wakifika kona ya fundi wanavua kofia na kushusha sauti. Juzi bwana mmoja aliingia uani kwangu, akasimama kati ya jiko na pipa, akaanza kumsimulia mkewe kwamba paa limeezekwa upya na mjukuu ameota jino. Nikamwambia, "Bwana umepotea, hapa ni kwangu." Akageuka, akatazama hapa juu ya bega langu, akasema, "Upepo umeanza." Akafunga vifungo vya koti.

Mwanzoni nilicheka. Fundi alikuwa na wateja tangu baba yu hai, leo wanampita mlangoni kama ukuta. Uzuri wa mtaa umekuwa wa kutisha: hakuna anayepiga kelele, hakuna anayetupa takataka, hata mbwa wanazunguka kwa nyuma.

Irudishe ile rangi.

Dada yako


9 Mei

Dada,

Sikuulizi hali, nimeisoma.

Barua yako sikuikuta kwenye sanduku la posta. Ilikuwa ndani ya droo ya ramani, chini ya karatasi ya mtaa wetu, bila stempu. Niliuliza ofisi nzima nani kaiweka, wakanitazama kama nimewaomba figo.

Nikaenda kwa Afisa Mipango, kifutio mkononi. Nikamwambia kuna kosa dogo la kijivu. Akasema ramani iliyopitishwa haifutwi. Unaleta ombi la kubadili matumizi, tangazo linabandikwa siku thelathini watu watoe pingamizi, kamati inapima, baraza linaamua.

"Na mwombaji lazima awe mkazi," akasema.

"Mkazi yupo. Dada yangu."

"Makaburini hakuna wakazi. Kuna ndugu wa waliozikwa."

Nikacheka, nikamwambia pale hakuna hata kuku aliyezikwa. Akanifungulia daftari la makaburi. Dada, kuna majina kumi na moja, moja kwa kila kiwanja, mwandiko safi. Fundi cherehani wa kwanza. Wewe wa mwisho. Nilipouliza nani kaandika, akajibu, "Daftari hufuata ramani." Alisema hivyo kama mtu anayekueleza kwamba mvua hufuata mawingu.

Kisha akanisogezea fomu. Njia iliyobaki ni mimi kuomba, kama ndugu wa marehemu. Nimetia sahihi. Usinikasirikie, ni karatasi tu, na nimeona karatasi ngapi duniani?

Mdogo wako


28 Mei

Mdogo wangu,

Uko salama? Siku uliyotia sahihi niliijua kabla ya barua. Nilikuwa nakoroga chungu, njaa ikanitoka kama mtu aliyeitwa nje. Haijarudi.

Goti haliumi tena. Ungedhani ni habari njema. Fundi anakanyaga cherehani, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, lakini mlio hausikiki. Tumekaa mbele yake mimi na Mama Pacha, tunamtazama anavyoshona kimya. Mwenyewe akasema, "Angalau sasa mtasikia ninapowasengenya."

Tangazo lako wamelibandika kwenye nguzo. Wenye maua wanalisoma wanatikisa vichwa. Mmoja alisema, "Kwa nini wawasumbue waliopumzika?" Wanapitisha karatasi ya pingamizi, na wote wanatia sahihi, watu wazuri kabisa, wenye huruma.

Siogopi sana, na hilo ndilo linalonitisha. Jana asubuhi nilikaa kibarazani na kikombe cha chai. Nilipokumbuka kunywa, jua lilikuwa linashuka.

Mbona huji?

Dada yako


11 Juni

Dada mpenzi,

Nashika kalamu nikiomba barua ikukute unanisubiri kwa hasira, kama zamani.

Umeuliza mbona siji. Nimekuja mara mbili. Mara zote mbili, nilipofika kona ya fundi nikajikuta nimevua kofia, na miguu ikakataa. Mimi huyu, niliyewahi kumfukuza mwizi nikiwa na kijiko.

Kamati imekaa jana. Mganga mkuu wa mji alisema makaburi ya zamani yamejaa, wanazika hadi njiani, kwa hiyo mtaa wetu ni neema. Wenye maua walileta sahihi mia mbili. Diwani wa upande wa soko akasema, "Mimi nimepita pale. Pametulia, mtu unatamani ulale." Wote wakaitikia kwa vichwa.

Nikasimama. Nikawaambia mtaa ule una watu, ni mimi niliyepaka, kwa ujanja wangu mwenyewe, wala Afisa Mipango hakujua, na wanifukuze wakitaka. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akasema, "Bwana, sisi hatupimi nia ya penseli. Tunapima ardhi."

Lakini ana haki ndani yake yule mama. Amesema kamati haipigi kura bila kuona kwa macho. Watakuja tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, nami nimo. Wakimwona mkazi mmoja tu, mtaa unarudi kahawia. Mmoja tu, Dada. Washa moto, majani mabichi utoke moshi mzito. Redio mpaka mwisho. Fundi na Mama Pacha wakae nje wagombane. Na wewe simama mlangoni.

Mdogo wako


19 Juni

Dada,

Ulikuwa wapi?

Tumeshuka garini saa nne kamili. Palikuwa pamefagiwa. Sikusikia redio. Sikuona moshi. Niliona nyasi fupi na mawe meupe kumi na moja, na kwenye la mwisho kulikuwa na barua zangu, zote zimefunguliwa, zimekunjwa vizuri. Nikawaambia subirini, yupo, labda anabadilisha nguo. Nikaita mara tatu. Mwenyekiti akaweka mkono begani kwangu, akasema, "Ulimpenda sana."

Mimi ndiye niliyeshika kitabu cha ukaguzi. Imenibidi niandike kwa mkono wangu: hakuna aliyeonekana. Wamepiga kura papo hapo. Kijivu imebaki.

Niambie ulikasirika ukaondoka. Niambie uko kwa rafiki yako yeyote, hata yule nisiyempenda. Nitafurahi.

Mdogo wako


19 Juni

Mdogo wangu,

Tumekuona. Suti ya bluu inakubana tumboni, usimdanganye mtu.

Nilikuwa mlangoni tangu saa mbili. Moto ulitoa moshi mpaka Mama Pacha akakohoa. Redio ilikuwa mwisho. Yule mama mwenye miwani ya kamba alipita nilipo akasema, "Pametulia sana." Fundi alimfuata na futi akampima mabega, kisha akatutangazia kwamba koti la mheshimiwa limekatwa vibaya mgongoni. Tulicheka, sisi kwa sisi.

Ulipoita mara tatu, niliitika mara tatu. Nilikushika mkono wa koti. Ukajipangusa, kama mtu aliyeguswa na utando wa buibui. Nilikuona ukiandika na machozi yanakudondoka kwenye kitabu.

Usijilaume kupita kiasi. Hatuumwi, hatuna njaa. Shida ya huku ni moja: kila anayekuja anatusifu. Fundi anasifiwa kwa uaminifu, huyo huyo aliyekata suruali ya baba ikawa kaptula. Mimi naambiwa nilikuwa mpole. Hakuna anayenijibu, hakuna anayenibishia, na mimi nikikosa mtu wa kugombana naye nasahau sauti yangu ilivyo. Leo asubuhi ilinichukua muda kukumbuka jina nililokuwa nikikuita ulipokuwa mdogo. Nimelikumbuka. Sijui kesho.

Dada yako


2 Julai

Dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta bado unalikumbuka lile jina, hata kama ni la aibu.

Hii ndiyo ya mwisho, maana mtu hamwandikii barua aliye chumba cha pili. Nahamia kwako Jumamosi. Chumba cha mbele, kile chenye dirisha lisilofunga. Nina godoro, sufuria mbili, redio, na ule mdomo wangu.

Nilimuaga Afisa Mipango. Nikamwambia kila mwaka kamati hukagua, basi mwakani wataona mtu anaishi pale, anapika, ananuka kitunguu, waandike hivyo. Akasema si desturi mtu kuhamia huko kabla ya wakati wake. Nikamwambia nimefanya mambo mengi kabla ya wakati wake. Akafungua lile daftari, akalitazama kwa muda, akalifunga, wala hakuniambia alichokiona. Nami sikumuuliza. Akanipa mkono, Dada, na hajawahi kunipa mkono.

Naogopa. Nakuambia wewe tu, wenzangu nimewaambia nakwenda kusimamia hoteli.

Mara hii miguu ikigoma pale kwa fundi, nitatambaa. Nikiingia nisikuone, usininyamazie. Nigombeze kuhusu viatu, kuhusu chumvi, kuhusu kijivu, kila siku. Nitakujibu kwa kubahatisha. Nimekujua maisha yangu yote, sitakosea mengi.

Mdogo wako