Turbo ya Kupandia Sekenke

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Bibi yako amepona goti na ameanza kunigombeza tena, alizeti tumevuna. Umeniuliza kama ufunge turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa kwenye injini, kubwa kuliko zote kwenye gari lako la kuvuta magari mabovu. Usifunge!

Soko huria lilipoanza, maduka ya Singida yalijaa vipuri vya kila nchi, na madereva wetu wakawa wanachagua turbo kwa masikio: yenye mluzi mkali ndiyo bora. Kaka yangu Juma, niliyemiliki naye gari la kuvuta, akaleta moja kubwa kama sufuria ya pilau. Nikamwambia hiyo inataka injini inayokimbia, na sisi tunapanda mlima Sekenke kama kinyonga.

"Mdogo wangu, magazeti yamekuharibu," akanicheka. "Mluzi huu utatuletea wateja."

Wiki hiyohiyo tukavuta lori la vitunguu. Kwenye kona ya Sekenke injini ikatoa moshi mweusi, ikaishiwa nguvu, tukaanza kurudi nyuma kuelekea bondeni. Tuliokolewa na jiwe ambalo utingo aliliwahisha nyuma ya tairi. Juma alishuka akafungua boneti. "Haya, msomi, tafuta yako."

Nilichagua iliyozidi kidogo tu ukubwa wa ile ya zamani ya gari letu, inayosukuma hewa mapema, injini ikiwa bado polepole. Tulifika Misigiri, juu ya mlima, na mzigo.

Kwa hiyo dukani usiulize ipi kubwa. Mwambie muuzaji unavuta nini na unakipandisha wapi. Akikujibu kwa bei tu, ondoka.

Babu yako, ambaye bado anabishana