Uliombwa Maoni, Semisi

Semisi,

Majimbi yako jikoni, tia tui. Nguruwe hawajala.

Nilikupa hadithi zangu uzisome kimyakimya, uniambie zinapochosha kabla sijazichapisha mwenyewe kuwa kitabu. Wewe ukaisoma ile ya busu kwa sauti, mezani, kaka yangu Havea ameketi papo hapo! Mtonga mzima wa visiwani, hujui kwetu kaka na dada hawasikilizi mambo hayo pamoja? Kaondoka, kaacha chai nusu kikombe. Nawe unacheka: “Ah, si hadithi tu!”

Naenda kumwomba radhi. ~~Ile ya busu nitaitoa.~~ Inabaki. Wewe niliyekuomba maoni ulicheka tu. Aliyeisikia kweli ni yule aliyeshindwa kukaa.

Karatasi zangu usiguse tena.

Mkeo