Barua za Kuacha Kazi

3 Machi

Mama kijacho wangu,

Hujambo? Tumbo je, limeshakuwa mzigo? Huku sisi wazima, ila magoti yangu ndiyo hayo, kila moja lina malalamiko yake.

Nastaafu mwisho wa Juni. Jana karani wa kiwanda aliniita anisomee miaka yangu ya kazi. Akasema ishirini na sita. Nikamwambia, rudia baba, nimeshona sare hapa miaka thelathini na nne. Akafungua faili. Kumbe kila nilipokaribia kujifungua waliniandikisha barua ya kuacha kazi, halafu mtoto akifika miezi mitatu wananiajiri upya, kwa mshahara wa mgeni. Nilikuwa nasaini nikidhani ndiyo likizo yenyewe. Kwa hiyo wanahesabu tangu nilipokuzaa wewe, kitinda mimba wangu. Kipara, niliyemfundisha mwenyewe kukata kola, ana miaka thelathini kamili ya kazi, na kila mwezi ananizidi mshahara. Kwenye karatasi yeye ndiye mkongwe!

Wanataka nisaini kwamba nimekubali. Nimechoka, mwanangu. Nadhani nitasaini yaishe.

Mama yako

12 Machi

Mama, shikamoo.

Sisi wazima. Mjukuu wako ana miezi saba na anapiga mateke utadhani kafungiwa kwa makosa.

Mama, usisaini! Barua yako nimeisoma hapa kaunta ya duka la dawa, mteja akaniuliza kama nimefiwa. Miaka minane yote! Nenda ofisi ya kazi, na umchukue Kipara aseme alikukuta kazini. Ukisaini sitakusemesha mwezi mzima, na unajua mimi mkaidi. Nimerithi kwa nani?

Binti yako

20 Mei

Mwanangu,

Hali yako? Na mgeni wetu anaendeleaje?

Sijasaini. Kipara mwanzo alikataa, akasema amebakiza miaka miwili astaafu na hataki kujitia matatani. Sikumlaumu. Siku yenyewe nikamkuta mlangoni pa ofisi ya kazi kavaa koti la harusi yake, vifungo havikutani. Tulipoingia alisema: "Huyu ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Imekuwaje mimi nimtangulie?" Afisa akaandika, akaagiza faili zote. Tunangoja.

Sasa mbona wewe kimya? Mumeo ndiye aliyenitumia ujumbe kwamba ni wa kike. Wewe hata neno moja. Nimekuudhi? Na hao wa duka la dawa wamekupa likizo ya miezi mingapi?

Mama yako

16 Juni

Mama, shikamoo.

Mtoto mzima, ana pua yako, pole yake.

Hukuniudhi. Naona aibu. Likizo sina, mama. Wiki moja kabla ya barua yako ya kwanza, bosi aliniletea karatasi, akasema ni utaratibu tu, mtoto akikua kidogo nitarudi. Nikasaini nimesimama, hata sikuisoma vizuri. Nilipoisoma yako ndipo nilipoelewa nilichosaini: barua ya kuacha kazi kuanzia Aprili. Yale yote niliyokufokea nilikuwa najifokea mwenyewe. Sasa kaunta yangu wamempa kijana mmoja, na nasikia kaanza na mshahara mkubwa kuliko wangu. Nikipita pale navuka barabara.

Nisamehe.

Binti yako

1 Julai

Mwanangu,

Hujambo? Mjukuu wangu analala vizuri?

Jana wameniaga kwa soda na hotuba fupi. Kipara alilia kuliko mimi. Miaka yangu minane bado iko mezani kwa afisa, na nimeshamwambia sichoki kuiulizia.

Usione aibu. Wewe umesaini mara moja, mimi nilisaini mara tatu, na mara ya tatu nilimshukuru karani.

Nimekata tiketi, nafika Jumanne. Mtoto utaniachia mimi, nepi na chupa nazijua. Wewe utavaa gauni lako zuri, uende ofisi ya kazi ya huko ukaeleze. Wakikwambia rudi kesho, rudi kesho. Wakikwambia wiki ijayo, nenda wiki ijayo. Siku zote hizo nitakuwa na mtoto, maana mimi sasa sina kazi ya kuwahi.

Bibi yake