Mpiga Besi Asiyeombewa

Fisksätra, 14 Machi 2004

Dada Adrienne,

Salamu kutoka kwetu sote. Sisi wazima, theluji bado ipo. Mguu wako unaendeleaje?

Kwaya imepata mpiga gitaa la besi. Ni Mwingereza wa jengo letu, Terry Hobley, mtu wa makamo. Tunafanyia mazoezi chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia. Alishuka kufua, akamsikia Norbert, mwimbaji wetu, akijaribu kupiga besi, akabisha hodi: “Naweza kuishika kidogo?” Hajaiachia mpaka leo.

Amepitia bendi nne za roki. Ya Sheffield ilivunjika, ya London ikavuma, ya Hamburg ikafa njaa, ya hapa Stockholm ikamwacha na nyumba ya kupanga. Nilimuuliza alikuwa akiagaje. “Niliondoka tu.” Ile ya London aliiacha kituoni, wenzake wakinunua kahawa.

Kanuni ulizoiwekea kwaya yako ya Bukavu tunazishika: hakuna atokaye kwayani bila kuombewa mbele ya kanisa, na anayechelewa huimba ubeti mmoja peke yake. Terry hachelewi. Katika bendi zote nne, hajawahi kuimba mbele ya watu.

Mdogo wako,
Akili

Bukavu, 2 Mei 2004

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mguu husumbua wakati wa mvua tu. Mzungu wenu nimempokea, lakini aliyeacha bendi nne hashindwi kuacha ya tano. Norbert aendelee kujifunza.

Dada yako

Fisksätra, 9 Septemba 2007

Dada,

Natumaini homa imekwisha. Huku tuko wazima.

Ulisema. Ile bendi ya London imeungana tena, imemwita Terry kwa ziara ya mwaka mzima. Sisi tunarekodi Novemba, na vidole vya Norbert bado ni vijiti. Safari hii Terry hakutoroka. Alisimama mazoezini akasema kwa Kiswahili chake cha kuokota: “Jumapili mniombee. Nakwenda.”

Mama Godelieve, kiongozi wetu, akamjibu: “Hatuombi.”

Uso ulimshuka. Anadhani tumemkasirikia, na Mama haelezi. Anaondoka mwisho wa mwezi. Nimwambie nini? Jibu kwa barua pepe ya ofisi ya kanisa.

Mdogo wako,
Akili

Bukavu, 15 Septemba 2007

Akili,

Homa imekwisha, asante. Godelieve amekushinda hilo jina lako. Asiyeombewa hajatoka. Mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo. Na kurekodi kungoje.

Dada yako

Fisksätra, 22 Februari 2009

Dada,

Salamu nyingi. Watoto wazima, wananijibu kwa Kiswidi tu.

Nilimwambia kama ulivyosema. Aliitikia kwa kichwa, akaenda. Mwaka ukapita, kimya. Wengine walitaka turekodi na Norbert. Mama Godelieve hakutaka hata kusikia.

Alhamisi iliyopita tulikuwa katikati ya wimbo wa pili, mlango ukafunguka. Terry, na begi lake, nywele nyeupe zote. Mama akashusha mkono, tukanyamaza.

“Umechelewa.”

“Treni,” akasema.

“Ubeti.”

Aliweka begi chini, akaimba ule wimbo wako wa mavuno, ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Nilifanya kazi redioni miaka mingi, dada, sauti nazijua. Yake ni mbaya. Hakuna aliyecheka. Norbert alivua besi akamkabidhi, akarudi kwa wenzake wa sauti ya tatu.

Tunarekodi mwezi wa nne. Tumekubaliana kwamba Terry haimbi.

Mdogo wako,
Akili